Fundi wa Juu Anajibu: Kofia Iliyotangulia Kufika Chini

Mwezi uliopita niligusia kofia ngumu kwa mistari miwili tu, mwishoni mwa jibu la kamba, nikadhani yameisha. Barua zilizokuja baada ya hapo mhariri kazijaza kwenye mfuko wa rambo akaniletea nyumbani. Kanipa nafasi yote ya mwezi huu, kwa sharti nisirudie habari za kamba. Haya.

Kwa msionijua: nilianza kukwea minazi Pangani, nyuma ya mjomba wangu. Baadaye nikaenda kuangusha misaji Longuza, kule Muheza, kisha miaka kumi na minne nikapanda na kukata miti ya Dar es Salaam, ya majumbani na ya kando ya barabara. Sasa magoti yamegoma. Nafundisha vijana, na nawajibu nyie.

Fundi, shikamoo. Nakata miti na kampuni moja hapa Dar. Bosi katupa kofia ngumu nyeupe, zile za saiti. Nikitazama juu inadondoka. Nimeifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, unanibana masikio na wenzangu wananicheka. Kosa ni langu au la kofia? Kibarua, Mbezi.

Marahaba, mdogo wangu. Kosa si lako, na kofia nayo haina kosa. Kosa ni la aliyewakutanisha.

Kofia ya saiti ametengenezewa mtu aliyesimama wima juu ya ardhi, na inamngojea adui mmoja: kitu kinachotoka juu kikampiga utosini. Mtu huyo haning'inii, na shingo yake haikai imepinda tangu asubuhi. Wewe unatazama juu kutwa, unapenya kwenye matawi, kuna saa kichwa chako kiko chini kuliko kiuno. Mapigo yako mengi yanatoka ubavuni, na mengi unajipeleka mwenyewe kwa kubembea.

Haya sikuyasoma, yaliniingia kichwani kwa mlango wa nguvu. Mwaka 2009 nilikuwa juu ya mti wa mkungu Oysterbay, kama mita tisa, nimevaa nyeupe kama hiyo yako. Nikainua uso kutazama tawi nililotaka kulifunga kamba, kofia ikatoka kisogoni, ikaenda zake. Nikamwona mtu wa chini anaikimbilia. Nikajiambia nimalize tawi hili moja kwanza, ndipo wanirushie. Tawi lilipokatika likabembea kwenye kamba yake, likanisukuma kiunoni, miguu ikateleza, na mimi nikabembea kwenye mkanda wangu hadi shinani. Lililogonga ni hapa juu ya sikio la kushoto. Nyuzi saba. Msimamizi wa mkandarasi wetu alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kofia yake iko wapi?" Ilikuwa mtaroni. Nzima, haina hata mkwaruzo.

Kwa hiyo, kwa mtu wa juu, mkanda wa kidevuni ndiyo kofia. Gamba ni la pili. Gamba zuri lililoko mtaroni linakinga mtaro.

Lakini usikimbilie kushonea mkanda wowote, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo hata wauzaji wengi hawalijui. Kofia nyingi za saiti zimetengenezwa kwa kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 397. Kipimo hicho, katika toleo lake la mwaka 2012, kinataka mkanda wa kidevuni *uachie* ukivutwa kwa nguvu ya kati ya nyutoni 150 na 250. Tuiseme kwa lugha ya bombani: ining'inize ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye mkanda huo, uko katikati kabisa ya pale unapotakiwa kuachia. Wamefanya hivyo makusudi, ili mtu wa chini kofia yake ikinaswa na chuma kinachopita, isimnyonge. Kofia za wapanda milima zina kipimo kingine, EN 12492, na mkanda wake unajaribiwa kwa nyutoni 500 bila kuruhusiwa kurefuka zaidi ya milimita 25. Huo ni karibu mfuko mzima wa saruji wa kilo 50. Tena kofia hizo hupigwa mbele, nyuma na pembeni wakati wa kujaribiwa, si utosini peke yake.

Ndoo au saruji. Ukishika hilo, umeshika nusu ya elimu ya kofia. Anayefanya kazi juu, aliyefungwa kwenye mti, anahitaji mkanda wa saruji, maana akibembea au akiteleza kofia lazima ibaki kichwani kwenye pigo la kwanza hadi la mwisho. Anayevuta matawi chini anafaa na ndoo. Zipo kofia za siku hizi ambazo mkanda wake una mahali pawili pa kuufunga, pa kuachia na pa kushika, hivyo mtu mmoja akipanda au akishuka anabadilisha tu. Kama kampuni yenu mnapokezana, hiyo ndiyo ya kumwomba bosi.

Mpira wako wa tyubu una ubaya wa pande zote mbili: ukinaswa hauachii, ukipigwa unarefuka. Uvue leo. Na bosi usimwendee na malalamiko, mwendee na hiyo kofia mkononi. Iname mbele yake bila kuifunga, idondoke miguuni pake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka yeye awape vifaa vya kujikinga, si ninyi mjinunulie. Ila ukianza na sheria, mazungumzo yatakuwa mafupi. Anza na kofia kudondoka.

Mwanangu, mimi ni mkwezi wa Mafia, mwaka wa arobaini na kitu huu nakwea. Baba yangu alikwea kichwa wazi, na babu kadhalika. Juzi walikuja vijana wa mradi, wanataka tuvae helmeti. Nikianguka mita 15, helmeti itanisaidia nini? Mkwezi mzee, Mafia.

Shikamoo, mzee wangu. Nimesoma barua yako mara mbili, nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu una haki.

Ukianguka mita 15, kofia haitakusaidia kitu. Hakuna kofia ya kazi duniani iliyotengenezwa ili mtu aanguke nayo kutoka kileleni mwa mnazi, na anayekuambia vinginevyo hajui anachouza. Kinachokuzuia usianguke ni kamba na mkanda wa kujifungia mtini (nimekatazwa kuendelea), na vidato vizuri, na kutokwea asubuhi ya mvua shina likiwa na ukungu wa kijani.

Ila nikuulize nami. Katika hiyo miaka arobaini na kitu, mara ngapi karara kavu limekuangukia usoni unapoingiza kichwa kwenye makuti? Mara ngapi umepigwa na kitako cha kuti kuukuu ulilolikata mwenyewe, likageuka badala ya kwenda chini? Mjomba wangu alipigwa hivyo karibu na kijiji cha Mwera. Hakuanguka. Alishika shina kwa mikono miwili, damu ikamziba jicho, akashuka kwa kupapasa vidato kwa miguu, na shoka lake likabaki juu mpaka nilipolifuata kesho yake. Pigo lile lilikuwa dogo. Chini angelipangusa akaendelea. Juu ya mnazi pigo dogo linaweza kukulegeza mikono, na kinachofuata unakijua. Kofia ya mkwezi ni ya pigo hilo dogo, ili usifike kwenye lile kubwa.

Kama utavaa, chagua nyepesi, isiyo na ukingo mrefu mbele, maana ukingo unagonga shina kila unapopanda na unakuzuia kuona juu. Na mkanda uwe ule wa saruji niliomwambia kijana wa Mbezi.

Sasa kuhusu wale wanaokusanya chini, kwa sababu najua kwenye mnazi kuna watoto. Vijana wa mradi wasije wakawapa nao helmeti mkaona mmemaliza. Tupige hesabu ya dukani. Kofia ya saiti hupimwa utosini kwa kuangushiwa chuma cha kilo 5 kutoka mita 1. Kilo mara mita: tano. Nazi yenye kumbi lake, tuseme kilo moja na nusu, ikitoka mita 20: thelathini. Mara sita ya kile ambacho kofia imejaribiwa. Hata ya wapanda milima, ambayo chuma chake cha utosini huachiwa kutoka mita 2, nazi bado inaizidi mara tatu. Inafika chini kwa mwendo wa kilomita kama 70 kwa saa. Wewe na mimi tuliambiwa na wazee kwamba nazi ina macho, haimwangukii mtu. Mimi nimeyaona macho hayo jikoni, matatu, na yote yamezibwa. Watoto wakae mbali na mnazi, wavae wasivae, mpaka mkwezi ameshuka na mguu wake uko mchangani.

Nina pikipiki, nina elementi nzuri kabisa ya kufunika uso. Kwa nini ninunue nyingine ya kukatia miti? Bodaboda na mkata miti, Kahama.

Kwa sababu ile ya kufunika uso inaelekea kilo moja na nusu, na wewe utatazama juu saa tano. Jioni shingo itakuambia. Kwa sababu husikii humo, na mtu wa chini anapopiga ukelele "simama!" unahitaji kumsikia. Kwa sababu haikuruhusu kuinua uso bila kugonga mgongo. Na kwa sababu hiyo ya pikipiki imekusudiwa ajali moja kubwa: povu la ndani linabonyea na halirudi. Juu ya mti utaigongagonga kwenye matawi wiki nzima, kisha Jumamosi unambebea abiria ukidhani bado inafaa. Elementi ibaki barabarani.

Na zile kofia za kitambaa kama za mpira wa besiboli zenye plastiki ndani, zinazouzwa kwa mafundi wa magari? Ni za kujigonga kwenye boneti. Kipimo chake ni EN 812, na hazikusudiwi kitu kinachodondoka. Msizilete mtini.

Habari za kazi, fundi. Nina kikundi cha vijana sita, tunapunguza miti kwenye mashule na mahoteli hapa Moshi, mingine iko karibu na nyaya. Nimetumwa Dar kununua kofia. Dukani nitajuaje ipi ni ya kweli? Zile zenye matundu ni bora? Na za mtumba je? Katibu, Moshi.

Nzuri, dada. Laiti makatibu wote wangeuliza kabla ya kupanda basi.

Ukifika dukani, usitazame rangi, geuza kofia. Utafute vitu vilivyochorwa *ndani ya plastiki yenyewe*, vimetokeza ukivigusa kwa kidole. Namba ya kipimo ikiwa kwenye stika peke yake, au kwenye boksi peke yake, mimi huwa naaga. Stika inachapwa popote. Jina la mtengenezaji liwepo, na vipimo vya kichwa kwa sentimita, maana vijana wako sita hawana kichwa kimoja. Kisha utafute kiduara kama saa ya ukutani: namba 1 hadi 12 pembeni, mshale katikati, na tarakimu mbili za mwaka. Mshale unaonyesha mwezi kofia ilipotoka kiwandani. Kofia "mpya" iliyokaa dirishani kwa muuzaji, juani, miaka minane, si mpya. Wapo watengenezaji wanaoandika kwamba kofia isizidi miaka 10 tangu kutengenezwa hata ikitunzwa kabatini, wengine wanataja miaka pungufu. Kijitabu kimo ndani ya boksi. Kama boksi halina kijitabu, jiulize kilikwenda wapi.

Wauzaji wengine watakuonyesha kofia za kipimo cha Kimarekani, ANSI Z89.1. Hizo husomwa hivi: aina ya I inakinga utosini tu, aina ya II inakinga na pembeni. Vijana wako wa juu wanataka II. Kisha kuna herufi: G ilijaribiwa kwa volti 2,200, E kwa volti 20,000, na C haina kinga yoyote ya umeme. Wamarekani wenyewe wanahama: Desemba 2023 wakala wao wa usalama kazini ulitangaza kwamba wakaguzi wake wanaacha kofia za saiti za mtindo wa zamani na kuvaa zenye mkanda wa kidevuni.

Herufi hizo zinanileta kwenye nyaya, na hapa naomba vijana wote sita wasomewe. Matundu yanapitisha hewa, na kwa joto la Dar au la Tanga mimi nayapenda kuliko soda. Lakini tundu linaloingiza hewa linaingiza na ncha ya waya. Karibu na umeme wowote, kofia iwe gamba zima lisilo na tundu, yenye alama ya kinga ya umeme. Ile ya Ulaya, EN 50365 ya daraja la 0, ni ya mitambo isiyozidi volti 1,000. Sasa inua macho barabarani: juu ya nguzo zetu zipo nyaya za volti 11,000 na 33,000. Hata ile E iliyopimwa kwa 20,000 haikupimwa ili mtu aende kugusa. Dada, mti uliogusana na njia ya umeme haukatwi kwa kofia nzuri. Unapiga simu TANESCO, njia inazimwa, mnasubiri, ndipo mnapanda. Mwenye hoteli akisema mgeni wake hawezi kukaa bila kiyoyozi saa mbili, mwachie mti wake.

Mtumba sijibu kwa kirefu. Kofia ya mtumba inaweza kuwa imeshakula pigo la mtu mwingine huko ilikotoka, na pigo halina kovu. Nunueni nguo za mtumba, viatu mkitaka. Kofia, mkanda na kamba, hapana.

Baada ya kuchagua aina, ijaribuni kichwani hivi. Kaza kile kitufe cha kisogoni, bila kufunga mkanda, iname kana kwamba unatafuta sarafu, utikise kichwa. Isidondoke. Kisha funga mkanda, vidole viwili viingie kati yake na kidevu, visiingie vitatu. Mikanda ya pembeni ipite mbele na nyuma ya sikio na kukutana chini yake, isilikalie. Halafu mwenzako aisukume kutoka nyuma kwenda mbele, na kutoka mbele kwenda nyuma. Ikifunua kisogo chote au paji lote la uso, rudisha. Ikae sawa na upeo wa macho, vidole viwili juu ya nyusi. Nawaona vijana wanaoipeleka nyuma kama baraghashia ya bwana harusi. Wanapendeza. Paji la uso liko uchi.

Mwenye kushika chenso aongezewe wavu wa usoni na vikombe vya masikio vinavyoshikamana na kofia hiyo hiyo, vya mtengenezaji yule yule ikiwezekana. Msitoboe gamba kwa msumari wa moto ili kuvipachika. Nimeona.

Mume wangu anakata miti. Kofia yake kaipaka rangi ya njano na kijani, anasema ni ya Yanga. Kila Ijumaa anaifuta kwa petroli ing'ae. Ndani ya kofia anaficha hela na sigara, anadhani sijui. Je, kuna ubaya? Mama Wawili, Tabata.

Mimi ni Simba, kwa hiyo nijizuie.

Ubaya upo, na nitaupanga kwa ukubwa. Wa kwanza ni petroli. Plastiki nyingi za kofia huliwa na petroli, tina ya kuzimulia rangi na rangi za kopo. Hazioneshi, zinapoteza tu unyumbufu wake, na siku ya pigo zinapasuka kama ganda la yai. Maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida yanatosha, kisha ikauke kivulini. Rangi nayo ina tatizo la pili: inafunika nyufa, na bila kuling'oa koti la rangi huwezi kuona kilichoko chini. Anunue kofia ya njano toka kiwandani. Hata mimi nitavumilia.

Hela na sigara ndiyo mambo makubwa zaidi kuliko anavyodhani. Kati ya utosi na gamba kuna nafasi ya vidole viwili hivi, imeshikiliwa na mikanda ya ndani. Pigo likija, mikanda inanyooka na gamba linashuka ndani ya nafasi hiyo, ndivyo nguvu inavyomezwa. Nafasi ile ndiyo inayofanya kazi, hewa tupu. Akiweka pakiti ya sigara, pigo linapita kwenye pakiti hadi utosini kama nyundo juu ya patasi. Simu ni mbaya zaidi. Hela mwambie akupe wewe.

Assalaam alaykum. Mimi navaa kofia yangu ya kiua ndani ya helmeti, na mwenzangu ana rasta anazikusanya juu. Msimamizi anatukataza sote wawili. Ana haki? Mkata mikarafuu, Pemba.

Wa alaykumu s-salaam. Kwako msimamizi ana haki kidogo, kwa mwenzako ana haki kubwa. Kofia ya kiua iliyotiwa wanga inasimama, inakula nafasi niliyoieleza kwa Mama Wawili, na inateleza juu ya nywele. Vaa kitambaa chembamba kisicho na mshono mnene, kinachonyonya jasho, kisha kaza upya kitufe cha kisogoni, kwa sababu kofia iliyokazwa bila kitambaa itabana na iliyokazwa na kitambaa italegea ukikivua. Dada zetu wanaovaa ushungi, jibu ni hilo hilo: wa kitambaa laini, uliobanwa bila pini utosini.

Rasta zikikusanywa juu zinaiinua kofia mpaka inakaa kama kifuniko cha chungu kilichofurika. Zishushwe zifungwe nyuma, chini ya kofia, ndani ya kola ya shati, zisining'inie kuelekea kwenye chenso au kamba. Hakuna anayemtaka anyoe.

Kofia yangu iliangukiwa na tawi la mwembe, si kubwa, kama mguu wangu. Niliona nyota, lakini kofia haina ufa popote. Nimeiangalia mchana kweupe. Ni ya bei, niliinunua mwaka jana. Niendelee nayo? Mkata miti, Korogwe.

Uliona nyota? Basi imemaliza kazi yake, ndugu yangu wa Korogwe, na pole.

Ngoja nikueleze unachotakiwa kutazama, kwa sababu "ufa" ni neno la wanaotafuta ufa wa ukuta. Likamue gamba kwa viganja vya mikono miwili, pembeni, kama unapima embe. Likilia "ka, ka", au likionyesha mstari mweupe mahali, limekwisha. Tazama lilivyo juani: plastiki iliyochoka inapoteza mng'ao, inakuwa na unga unga kama chaki ukipitisha kidole. Tazama ndani, pale mikanda inaposhikana na gamba. Huko ndiko nguvu ya lile tawi ilikokwenda, na huko ndiko vijino vya plastiki hukatika bila mtu kuona. Ngoa mikanda yote, utazame kila kijino. Mikanda ya ndani huuzwa pekee kwa kofia nyingine. Gamba haliuzwi pekee.

Lakini hata yote hayo yakiwa safi, kofia iliyokula pigo la kumfanya mtu aone nyota haipandi tena mtini. Iliyodondoka yenyewe kutoka kiunoni hadi kwenye majani, sawa, iendelee. Iliyodondoka kutoka juu ya mti hadi kwenye zege, naitoa. Bei naijua. Na wewe nenda hospitali kama kichwa bado kinauma, au kama umetapika, au kama mkeo anasema unaongea ovyo. Usisubiri jibu la gazeti.

Ukiitupa, kwanza kata mikanda yote kwa mkasi. Usiiache jalalani nzima, ataiokota kijana akaipande nayo. Ile yangu nyeupe ya Oysterbay nililetewa siku ya tatu, mtu wa chini alikuwa ameiokota mtaroni na kuisafisha vizuri. Iko nyuma ya nyumba hapa, imepinduliwa, haina mikanda, na kuku wa mke wangu wanainywea maji.